Nichukue pikapu gani? Kila mwenye nayo anaisifia ya kwake

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji mnaotumia pikapu kazini mtuandikie zinawatendeaje, na pia mwenye swali aulize. Barua zimekuja nyingi sana, sifa kwa malalamiko, na nimeona nizijibu kwa kutumia hayohayo mliyoandika pamoja na ninayoyajua mimi. Naanza na ya Njombe kwa sababu ndiyo swali la wengi.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mkulima wa viazi mviringo huku Njombe, miaka yote nakodi Canter za watu na msimu wa mvua wanatuuzia bei wanayotaka wao. Sasa nimejikusanya na SACCOS yetu wamekubali kunikopesha, nataka pikapu moja dabo kebini (ya viti safu mbili), iwe ya kazi na ya familia. Tatizo ni ushauri. Rafiki yangu ana Toyota Hilux ananiambia usiguse kitu kingine. Jirani ana Isuzu D-Max anasema kwenye Hilux unalipia jina tu. Shemeji yangu yuko mgodini anaendesha Ford Ranger, anasema hizo zote ni mateso ukishaonja Ranger. Wote watu wa kweli na wote hawanidanganyi. Nimsikilize nani?
*Mkulima, Njombe*

JIBU: Ndugu yangu, wasikilize wote watatu, ila usikazie macho wanavyosifia, kazia wanavyoitumia. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na mtu akishatoa mamilioni yake sio rahisi akuambie mbele ya watu kwamba angenunua nyingine. Kwahiyo usimuulize "gari nzuri?" maana jibu unalo tayari. Muulize mara ya mwisho ilimlaza wapi na kwa sababu gani, spea aliisubiri siku ngapi na ilitoka wapi, anabeba nini, nani analipa fundi, na kama leo akiambiwa anunue tena kwa pesa yake angechukua ipi. Hilo la mwisho ukiuliza mkiwa wawili tu, majibu yanabadilika kabisa.

Chukulia shemeji yako wa mgodini. Gari ni ya kampuni, sevisi inafanyika kwa tarehe, spea inaagizwa na ofisi, ikigoma anapewa nyingine kazi inaendelea. Anachokijua kwa uhakika ni kiti, nguvu na utulivu barabarani, na hapo namuamini moja kwa moja kwa sababu ile Ranger ya lita 3.2 ya silinda tano ina toki (nguvu ya kuvuta) ya Nm 470 na inakaa barabarani vizuri sana. Asichokijua ni maisha ya hiyo gari ikiwa kwa fundi wa kawaida. Nikupe mfano mmoja. Ranger za 2.2 na 3.2 za kuanzia 2011, Ford wenyewe kwenye maelekezo ya sevisi wanasema ukimwaga oili usiiache injini tupu zaidi ya dakika 10, kwasababu pampu ya oili inapoteza mvuto na ukiwasha inazunguka bila kusukuma kitu, injini inajisaga yenyewe. Sasa fikiria gereji zetu, fundi anafungua nati, oili inadondoka kwenye beseni, anaenda kunywa chai, anarudi anakuta kijana katumwa filta, saa nzima imepita. Gari sio mbovu, ila inataka fundi anayeijua. Kama Njombe au Makambako unaye fundi huyo, na namaanisha anayeweza kukuonyesha Ranger za wateja wake zinazotembea, basi Ranger ni gari ya kufikiria. Kama huna, sahau kwa sasa.

Kabla sijafika kwenye Hilux na D-Max tuongee mzigo, maana hapa ndipo watu wengi wanaumia na hakuna aliyekutajia. Watu wanasema "pikapu inabeba tani" wanaishia hapo. Fungua mlango wa dereva, kwenye fremu kuna kibandiko au kibati kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari pamoja na kila kitu kilichomo. Toa uzito wa gari tupu ulioandikwa kwenye kitabu chake, kinachobaki ndio uwezo wako, na kwa dabo kebini nyingi za 4x4 utakuta ni kama kilo 850 mpaka elfu moja na kidogo. Na humo ndani wapo watu pia. Watu wazima watano ni kilo 350 hivi, weka bampa la chuma la mbele na mabomba ya nyuma ya kufungia mzigo, umebaki na kilo kama 500 au 600. Gunia halali la Wakala wa Vipimo halitakiwi kuzidi kilo 100, na wewe unajua na mimi najua lumbesa inapita hapo mbali. Kwahiyo ukiwa na familia ndani unabeba gunia tano, sita, basi. Ukiwa peke yako gunia nane kwa raha.

Utasikia watu wanasema ongeza pati za springi nyuma mambo yanaisha. Springi zitasimama kweli, nyuma hautalala, lakini breki ni zilezile, ekseli ileile na chesisi ileile. Dabo kebini kichwa (wanapokaa watu) ni kirefu, kwahiyo sehemu kubwa ya bodi ya mzigo inakaa nyuma ya ekseli, na ukirundika mzigo huko mkiani halafu ukapiga shimo kwa mwendo, chesisi inapinda pale nyuma ya kichwa. Ukienda kuangalia pikapu ya mtu simama pembeni kwa mbali kidogo uangalie uwazi kati ya kichwa na bodi. Ukiona juu ni mpana kuliko chini, au rangi imekwanguka pale bodi ilipogusana na kichwa, ondoka hata kama bei ni poa.

Sasa, Hilux. Ya kizazi kilichoanza 2015 yenye injini ya dizeli ya GD, ipo 2.4 na ipo 2.8, zote zinatumia cheni sio mkanda wa taiming. Walioandika wengi wanalalamikia ugumu wa nyuma ikiwa tupu, inaruka kwenye makorongo mpaka watoto wanalalamika, na wanalalamika bei. Kulalamikia spea sikuona hata mmoja. Jingine walilolisema watu wa mijini ni wizi, Hilux inapendwa na wezi kwahiyo bima ya komprehensivu sio anasa. D-Max yenye 3.0 ndio kipenzi cha wabeba mzigo, injini yake haina papara, inavuta taratibu toka chini, na wenye nazo wengi wanasema inavumilia mateso. Malalamiko ni kelele na mtetemo kwa zile za zamani, na kwa baadhi ya mikoa spea za bodi, taa na bampa zinachelewa.

Kipimo kizuri kuliko maneno yetu wote: nenda gereji mbili tatu za hukohuko kwenu, angalia pikapu zilizolala uani zinasubiri spea, uliza kila moja inasubiri nini na tangu lini. Ila uwe makini, ukikuta Hilux nyingi gereji haimaanishi ni mbovu, ni kwa sababu ziko nyingi barabarani. Cha kuangalia ni ipi imelala muda mrefu. Gari inayoingia asubuhi ikatoka jioni haikupi shida, inayokaa miezi ikisubiri kifaa kimoja ndio inayokula msimu wako wa viazi.

Kwa hali yako mimi ningechukua Hilux 2.4, 4x4, gia ya mkono, ile ya chini kabisa yenye rimu za chuma na viti vya kitambaa. Sababu kubwa sio injini, ni mkopo. Bei ya viazi ikianguka msimu mmoja na SACCOS wakakusogelea, Hilux unaiuza haraka bila kutupa, nyingine unaweza ukakaa nayo unabembeleza wateja. Ila kama huyo jirani yako wa D-Max ana fundi mzuri na anabeba viazi kama wewe kwenye barabara ileile, basi uzoefu wake ni wa kuaminika kuliko maneno yangu, na 3.0 haitakuangusha. Hapo sina ugomvi nae.

SWALI: Shikamoo mzee wa magari. Nina duka la vifaa vya ujenzi Sumbawanga, nimepata Hilux Vigo 3.0 namba D, mwenye nayo anasema haijawahi kusumbua na kweli nimeiendesha iko vizuri. Kuna kijana kaniambia hizo 3.0 zinapasuka injini. Nichukue au niache?
*Mama hadwea, Sumbawanga*

JIBU: Marahaba mama. Kijana hajakosea ila amekatisha maneno. Vigo 3.0 inatumia injini ya 1KD, ni injini yenye nguvu na iliyofanya kazi kubwa Afrika nzima, lakini ina ugonjwa unaojulikana kwenye nozeli, vile vifaa vinavyopulizia dizeli ndani ya injini. Chini ya kila nozeli kuna pete ndogo ya shaba (washa), ikichoka moshi wa ndani unapenya, masizi yanaingia kwenye oili, oili inakuwa lami, inaziba chujio la chini kwenye sampu (chombo cha oili chini ya injini) na injini inakosa oili bila wewe kujua. Na nozeli yenyewe ikianza kumwaga dizeli ovyo badala ya kupuliza, inachoma pistoni mpaka inapasuka. Ndio hiyo kupasuka aliyoisikia.

Kwahiyo ulivyoiendesha ikiwa imeshapata moto hukuipima bado. Mwambie muuzaji utakuja asubuhi mapema na asiiwashe kabla hujafika. Ukifika funua boneti weka mkono kwenye injini, kama ina joto ameshakuwahi, rudi siku nyingine. Ikiwa baridi washa, usikanyage mafuta, sikiliza tu. Ikigonga ka-ka-ka kwa nguvu halafu mlio ukapungua kadri inavyopata moto, hizo ni nozeli. Angalia na moshi, mweupe mzito usioisha ni dalili mbaya. Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili uchungulie na tochi, ukikuta tope jeusi limeganda humo ndani usiendelee na maongezi.

Jambo la pili, hiyo injini inatumia mkanda wa taiming. Kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT, inawaka yenyewe kilomita zikifika za kubadilisha, na kuna watu wanaizima tu bila kubadilisha mkanda. Omba risiti ya mkanda. Hana risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa na punguza hiyo gharama kwenye bei. Ukipita yote hayo mama, mchukue fundi wa nozeli akazipime kwenye mashine kabla hujalipa, pesa ya kupima ni ndogo sana ukilinganisha na kununua nozeli nne mpya za genuini. Vigo iliyotunzwa ni gari nzuri sana ya kubeba saruji, ila usizidishe mifuko, mfuko ni kilo 50 na ishirini tu ni tani tayari.

SWALI: Mambo vipi. Nipo Mbezi, naona pikapu za Uingereza ziko bei poa kuliko za Thailand, Nissan Navara, Mitsubishi L200, Ranger, za juzijuzi tu na ndani ziko full. Usukani upo kulia kama kwetu. Kuna shida gani?
*Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Poa kaka. Shida zipo mbili, kutu na DPF, chujio la masizi kwenye ekzosi. Kule wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, ile chumvi inakaa kwenye chesisi na inaila toka ndani. Navara za kizazi cha D40, zilizotoka 2005 mpaka 2015, huko Uingereza zimeripotiwa kukatika chesisi katikati kwa kutu. Picha za muuzaji zitakuonyesha rimu na viti vya ngozi. Wewe dai picha za chini, chesisi yote hasa pale kichwa kinapokutana na bodi, na ukiona imepakwa rangi nyeusi mpya inang'aa jiulize kwanini.

Kuna kitu kizuri lakini ambacho wengi hawakitumii. Gari za kule zikifika miaka 3 zinakaguliwa kila mwaka, ukaguzi unaitwa MOT, na historia yake ipo bure kwenye tovuti ya serikali yao, unaingiza namba ya gari tu inakuja kila ukaguzi, kilomita wanaziandika kwa maili, na kasoro zote mpaka kutu. Muuzaji akikataa kukupa namba ya gari, achana nae. Ukiona mwaka mmoja ilikuwa maili 90,000 na wewe unauziwa 60,000, umeshajua unaongea na nani.

DPF ni lile chujio la masizi kwenye ekzosi. Linajisafisha lenyewe gari ikitembea mwendo mrefu na moto mkali, sasa wewe wa Mbezi unatambaa na foleni ya Kimara mpaka mjini kila siku, halipati nafasi, linajaa, taa inawaka, gari inakosa nguvu. Na hii sio ya Uingereza peke yake, Australia mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ilisema mfumo wa DPF kwenye Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zilizouzwa kule kuanzia Oktoba 2015 mpaka Aprili 2020 ulikuwa na kasoro, gari zaidi ya 260,000. Hilux nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Afrika hazina hicho kitu ndio maana huku hatukusikia kelele. Pia nyingi za Euro 6 (kiwango cha Ulaya cha moshi wa gari) zinataka AdBlue, maji maalum ya kuongeza kwenye tenki lake, yakiisha gari inagoma kuwaka. Dizeli yetu Afrika Mashariki mwaka 2015 iliwekewa kiwango cha salfa cha 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni), hizo injini za Euro 6 zimetengenezwa zikitegemea 10. Watakuambia mafundi wapo wanaokata DPF na kuchezea kompyuta, wapo kweli, ila unanunua gari ya bei hiyo ili uanze kwa kuikata? Kama safari zako ni za Dodoma na Arusha kila wiki, nitakuelewa. Kwa Mbezi na Kariakoo tafuta iliyotengenezwa kwa soko letu, hata ikiwa na umri zaidi. Na ingiza mwaka na modeli kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti, bei poa ya kule sio bei poa ya bandarini.

SWALI: Nipo Kahama, pesa niliyonayo inanunua Hilux ya mtumba iliyotembea sana au pikapu ya Kichina zero kilomita yenye waranti. Marafiki wananicheka nikitaja Mchina. Nisaidie.
*Fundi ujenzi, Kahama*

JIBU: Wasikucheke. Hizi za sasa sio zile za zamani. GWM (Great Wall) P-Series yenye dizeli ya 2.0 ina toki ya Nm 400 na gia boksi ya otomatiki ya ZF ya Ujerumani ya gia 8, na Foton Tunland zilikuja na injini ya Cummins ya Marekani ya 2.8, hivyo sio vitu vya kubahatisha. Walioandika wenye nazo wanafurahia ndani, breki, na kwamba mwaka wa kwanza na wa pili hawakumjua fundi. Malalamiko yanakuja baadaye na karibu yote ni spea, sensa imekufa inasubiriwa toka China, taa imevunjika, maduka yote ya spea ya Gerezani, Dar, hakuna.

Kwahiyo waranti yako isome kabla ya kulipa, sio baada. Sevisi lazima ifanyike kwao? Na karakana yao iko wapi, Mwanza au Dar tu? Maana kama kila sevisi unatakiwa ushushe gari Dar, utaruka moja na waranti imekufa. Nenda kwenye stoo yao ya spea useme unataka bei ya klachi, rejeta, taa ya mbele na kioo cha mbele, leo, viko? Wakikuambia vinaagizwa, umepata jibu. Kama vipo na karakana ipo Mwanza na unategemea kukaa nayo mpaka uichakaze, chukua mpya. Kama wewe ni mtu wa kuuza baada ya miaka mitatu uongeze hela ubadilishe, chukua Hilux lakini uipime kama nilivyomueleza mama wa Sumbawanga hapo juu.

SWALI: Hujambo mhariri. Mimi ni mkulima wa maziwa Nyandarua, Kenya. Nataka D-Max mpya ya kupeleka maziwa kwa kula (kituo cha kupoza maziwa) ya ushirika kila asubuhi. Niende na 1.9 ama 3.0? Jamaa mmoja ameniambia 1.9 ni injini ya Probox.
*Mfugaji, Nyandarua*

JIBU: Sijambo ndugu. Hapana, sio ya Probox. Hiyo 1.9 ni dizeli ya tabo (turbo) yenye Nm 350, na 3.0 mpya ina Nm 450. Chukulia unapeleka mitungi kumi ya maziwa ya lita 50, ni kama nusu tani na kidogo, 1.9 inaibeba bila kuhema na inakunywa kidogo. Wanaoilalamikia ukiwauliza vizuri utakuta ni wanaojaza tani kila siku na kupanda milima mirefu, au wanavuta trela, na hao kweli walitakiwa 3.0. Kama trela haipo kwenye mipango yako chukua 1.9 ya 4x4, na pesa utakayookoa toa tairi za barabarani zilizokuja nayo uweke za tope, kwasababu msimu wa mvua huko kwenu 4x4 yenye tairi laini inakwama hapohapo pa wengine na maziwa hayasubiri.